Safu ya Walioachiwa

Mhandisi Rwegoshora hali papa.
Alituambia siku ya kwanza, pale Shangani,
kabla hata hatujapatana bei ya mafuta:
"Mimi nawavua, nawapiga picha, nawaachia."
Nikasema sawa. Elfu themanini ni elfu themanini.

Na si mtu mbaya, nisimsingizie.
Ndoana zake kazipiga tupa mwenyewe, hazina chembe.
Hataki mtu amguse samaki kwa mkono mkavu:
"Lowesha kwanza, Mfaume. Ngozi yake ina haki."
Na daftari analo, la jalada jeusi,
safu ya tarehe, safu ya urefu, safu ya walioachiwa.
Thelathini na mmoja, kabla ya ile Jumamosi.

Ile Jumamosi alikuwa pingusi.
Jike. Kichwa kipana,
kama mtu aliyebeba mlango akakwama nao uchochoroni.
Saa moja na dakika arobaini mshipi ulilia,
mhandisi akitoka jasho, akicheka, akimbembeleza, "njoo mama, njoo,"
nami nageuza boti nimfuate, nimkate njia, nimchoshe vizuri,
maana hiyo ndiyo kazi yangu: kuchosha.

Alipofika ubavuni hakupigana tena.
Tukampima kwa kamba. Tukamchoma pini ya namba chini ya pezi.
Picha moja.
Picha nyingine, jua lilikuwa nyuma.
Ya tatu, kofia ilikuwa imekaa upande.
Mimi nimeshika mkia, nahesabu kimoyomoyo
jinsi matamvua yanavyofunguka:
moja,
kisha kimya,
kisha moja.

"Nenda," mhandisi akasema.
Machozi yalimlengalenga, wallahi niliyaona.
Papa akaenda.
Sikusema aliogelea. Nimesema akaenda:
chini, ubavu-ubavu, tumbo jeupe likigeuka taratibu
kama sahani iliyomponyoka muosha vyombo.
Mhandisi alikuwa ameshainamia daftari.
Thelathini na mbili.

Jumanne, maji ya bamvua yalipokupwa, wakamkuta Msangamkuu.
Tumbo limevimba, kaa wameanzia machoni,
pini ya namba bado inang'aa.
Somoe binti Chande, anayekausha ng'onda pale tangu sijaota ndevu,
akambonyeza kwa kidole, akakinusa kidole.
"Huyu angelisha nusu ya mtaa. Nani kamwaga?"
Nikamwambia: hakumwagwa, bibi. Aliachiwa.

Akacheka, kicheko kikavu kama mali yake.
"Hata mimi niliachwa. Mwaka ule korosho zilipooza ghalani.
Aliniambia nenda, uko huru, mbele ya mashahidi wawili,
baada ya kunichosha miaka kumi na tisa.
Watu wakamsifu: hakumpiga, kamwacha kwa wema."

Nikamuuliza, maana nami nilitaka pa kuegemea:
ungempata wewe akiwa hai, ungemwachia?
"Mimi? Ningemuua," akasema, anafuta kidole kwenye kanga.
"Ila ningejua nimemuua."

Tulimburuta watu sita mpaka juu ya mstari wa maji,
tukamfukia, harufu ikabaki kwenye shati.
Pini niliikata mimi. Sikumwambia mtu kwa nini.

Leo Jumamosi nyingine.
Mashine imewaka, chambo kimekatwa,
mhandisi kavaa kofia ileile, anafungua daftari kwenye goti,
anatafuta ukurasa mweupe.
Na mimi sina elimu ya kumwambia lolote.
Kodi ya nyumba ni ya tarehe tano,
na ndoana zake kweli hazina chembe,
na wavuvi wenzangu wa nyavu hawaachii hata wachanga,
hayo yote nayajua, nimeyapanga usiku kucha
kama mawe ya kuzibia tundu.

Lakini daftari lina safu tatu tu.

Pini iko mfukoni, inanichoma paja.
Naichovya mikono baharini, yote miwili, mpaka viwiko,
kama alivyonifundisha,
kisha ndipo naingiza mkono mfukoni.